Mkrismasi au Tunguu? Akiba Mbili katika Bustani ya Shule

Kila mwaka unapokaribia kwisha, nchi ya Kilosa na Mikumi hupambwa na rangi nyekundu mara mbili. Rangi ya kwanza iko juu: ni ile ya mikrismasi iliyopandwa mbele ya shule, ofisi na nyumba za ibada, ambayo maua yake hufunika matawi hata majani yakawa hayaonekani. Rangi ya pili iko chini: ni tufe jekundu la maua lichomozalo ardhini mara baada ya mvua za kwanza, katika misitu myepesi na vichaka, mahali ambapo wiki moja kabla hapakuwa na kitu ila vumbi na majivu ya nyasi zilizoungua.

Mimea hii miwili huchanua takriban wakati mmoja, na yote miwili hupendwa na watunza bustani. Basi shule iliyo na kiwanja kidogo cha kupamba, na ndoo chache za maji kwa siku, ipande upi? Swali hili laonekana kuwa jepesi, lakini ndani yake mna mambo mengi ya elimu ya mimea. Tena mna mambo ya gharama na usalama: kuta za madarasa, maji ya kisima, na afya ya watoto. Katika makala haya tutailinganisha mimea hii, si kwa uzuri wake, kwa kuwa uzuri hauna mizani, bali kwa namna kila mmoja unavyoweka akiba na unavyoitumia.

Majina kwanza

Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuwa mwangalifu na majina. Jina "mkrismasi" hutumika katika sehemu mbalimbali za nchi kwa miti tofauti, hata kwa ile misindano ipambwayo nyumbani siku ya Noeli. Hapa tunazungumzia mti ule mpana kama mwavuli, wenye majani laini mfano wa unyoya na maua mekundu makubwa, uitwao kisayansi Delonix regia. Mmea wa pili huitwa Scadoxus multiflorus. Kwa kuwa ua lake ni tufe, na chini yake pana tunguu, yaani shina nene la chini ya ardhi lililofunikwa na magamba kama kitunguu, katika makala haya tutauita tunguu-tufe.

Majina haya ya kisayansi yana historia ya kufurahisha. Jenasi zote mbili, Delonix na Scadoxus, zilipewa majina na mtu mmoja, Constantine Rafinesque, mwanabotania aliyeishi Marekani na kuandika katika miaka ya 1830, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Delonix ni neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake "ukucha ulio dhahiri", kwa sababu kila petali ya ua la mkrismasi ina kikonyo chembamba mfano wa ukucha. Neno regia ni la Kilatini, maana yake "wa kifalme". Neno multiflorus nalo maana yake ni "wenye maua mengi".

Hata hivyo, kwa muda mrefu wanabotania wengi hawakulifuata jina la Scadoxus. Tunguu-tufe liliwekwa katika jenasi ya Haemanthus, yaani "ua la damu". Mwaka 1976 wanabotania wawili, Friis na Nordal, walionyesha kwamba makundi haya mawili hayana budi kutengwa. Jamii ya Scadoxus ina majani membamba yenye mshipa wa kati ulio wazi, na kromosomu 18 katika seli za mwili. Jamii ya Haemanthus ina majani manene na kromosomu 16. Ndiyo maana katika vitabu vya zamani mwalimu atalikuta tunguu-tufe chini ya jina la Haemanthus. Vitabu hivyo havikusema uongo. Ni elimu iliyosonga mbele.

Mgeni na mwenyeji

Mkrismasi ni mgeni kwetu, ingawa hakutoka mbali. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska. Mwanabotania Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia aliyefanya kazi Morisi, aliuona kisiwani humo katika miaka ya 1820, na maelezo yake yakachapishwa Uingereza mwaka 1829. Tangu hapo mti huu umesambazwa na wanadamu karibu katika nchi zote za joto duniani.

Madagaska iko kusini mwa ikweta kama ilivyo Kilosa, nayo ina kiangazi kinachomalizika karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mgeni huyu alipoletwa huku hakulazimika kubadili saa yake. Kule Florida, Marekani, ambako majira ni kinyume na yetu, mti huuhuu huchanua kuanzia mwezi wa Mei au Juni. Mtu wa huko hangeweza kamwe kuuita mkrismasi. Mti haujui Krismasi wala kalenda. Unachokijua ni urefu wa kiangazi, joto, na unyevu wa udongo.

Tunguu-tufe, kwa upande wake, ni mwenyeji. Humea lenyewe katika eneo kubwa la Afrika, tangu Senegali hadi Somalia, na kushuka mpaka Afrika Kusini. Hupatikana pia katika sehemu za kusini za Bara Arabu. Makao yake hasa ni misitu myepesi, kingo za vichaka, mabonde yenye kivuli kidogo, na vichuguu vya mchwa. Nchi ya Mikumi, yenye mbuga tambarare za Mkata upande mmoja na vilima vya miombo upande mwingine, ni ya namna ipendwayo sana na mimea ya matunguu.

Kuwa mgeni si kosa kwa mmea. Mahindi, mihogo na mikorosho ni wageni pia, nayo hutulisha. Lakini mgeni hana budi kuchunguzwa mwenendo wake. Pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mti uitwao Maesopsis eminii uliopandwa na wanadamu umeenea wenyewe ndani ya msitu wa asili, na umekuwa tatizo kwa wahifadhi. Mkrismasi haujafanya hivyo katika nchi ya Kilosa, bali ni busara kuupanda katika viwanja vya miji na vijiji, wala si kando ya mipaka ya hifadhi.

Akiba juu, akiba chini

Sasa tufikie kiini cha jambo. Mimea yote miwili hukabiliwa na adui mmoja, nao ni kiangazi. Katika Kilosa na Mikumi mvua huanza mnamo Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi hukauka na kupasuka. Mmea hauwezi kuhama. Hauna budi kuchagua njia ya kuishi mahali pale pale.

Mkrismasi hufuata njia ya mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa. Huweka akiba yake katika shina, matawi na mizizi. Wakati wa mvua majani yake hutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga wa jua. Chakula hicho husafirishwa, kingine kikajenga ubao, kingine kikahifadhiwa kama wanga. Jani moja la mti huu ni jambo la kustaajabisha kwa hesabu: lina jozi 10 hadi 25 za matawi madogo, na kila tawi dogo lina jozi nyingi za vijani. Tuseme mwanafunzi amehesabu jozi 15 za matawi, na katika kila tawi jozi 25 za vijani. Basi idadi ya vijani ni 15 × 2 × 25 × 2, yaani 1,500 katika jani moja tu. Vijani vidogo namna hii havishiki joto kwa muda mrefu, tena huangushwa kwa urahisi. Kiangazi kinapokolea, mti huangusha majani ili usipoteze maji, ukabaki na makumbi yake marefu meusi, yanayofikia sentimeta 30 hadi 75, yakigongana kwa upepo.

Tunguu-tufe hufuata njia nyingine. Halijengi ubao hata kidogo. Kila kilichovunwa na majani wakati wa masika huteremshwa chini na kuwekwa katika tunguu. Mvua zinapokwisha majani hugeuka manjano na kufa, na kwa miezi kadhaa hakuna dalili yoyote juu ya ardhi. Mpita njia atasema mmea umekufa, kumbe umelala.

Ubora wa njia hii huonekana moto unapopita. Nyasi za miombo na za mbuga huungua mara kwa mara wakati wa kiangazi, mara nyingine kwa uzembe wa watu, mara nyingine kwa makusudi ya wahifadhi wanaochoma mapema ili kuzuia moto mkali wa baadaye. Udongo haupitishi joto kwa urahisi. Juu ya ardhi miali yaweza kuteketeza kila kitu, na sentimeta chache chini yake joto likaongezeka kidogo tu. Mche mdogo wa mkrismasi ukipitiwa na moto huo haufui dafu. Tunguu lililozikwa halina habari.

Mvua ya kwanza inapolowanisha udongo, tunguu-tufe hufungua ghala. Bua moja lenye madoadoa huchomoza, na juu yake hufunguka tufe lenye maua madogo ambayo yaweza kufikia 200, nalo tufe lote likawa na upana wa sentimeta 15 hadi 25. Mara nyingi majani hufuata baadaye, au hukua pamoja na ua. Maana yake ni hii: chakula kilichojenga ua hilo hakikutengenezwa mwaka huu. Ni mavuno ya mwaka jana. Hali ni hiyohiyo kwa mkrismasi uchanuao kabla majani mapya hayajakomaa. Wekundu wote tuuonao mwezi wa Desemba ni matumizi ya akiba iliyowekwa mwezi wa Machi.

Wakazi wa Kilosa wanao mfano wa tatu karibu nao, nao ni mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na kupandwa katika mashamba makubwa, yakiwemo ya Kilosa na Kimamba. Mkonge huweka akiba kwa miaka mingi bila kutoa ua. Kisha mara moja tu huitumia yote, ukasimamisha mlingoti mrefu wa maua, na baada ya hapo hufa. Hivyo tunazo siasa tatu za akiba: mkonge hutumia yote mara moja, mkrismasi hutumia sehemu kila mwaka na kuendelea kupanua mtaji, tunguu-tufe hutumia kila mwaka, likarudisha, likalala. Mwalimu wa baiolojia akishirikiana na mwalimu wa hesabu au wa biashara hatakosa somo zuri hapa.

Ni nani ahudumiaye ua

Rangi nyekundu si pambo kwa ajili yetu. Ni tangazo kwa wachukuzi wa chavua. Ua la mkrismasi lina petali tano: nne nyekundu, na moja iliyosimama wima yenye michirizi ya njano au nyeupe. Ndani yake mna stameni 10 ndefu. Huku kwetu chozi na vipepeo huonekana wakilitembelea kwa ajili ya nekta.

Katika tunguu-tufe, stameni huchomoza nje pande zote kama miiba ya nungu. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha jambo la ajabu: vipepeo wakubwa wapigapo mabawa yao juu ya tufe, chavua hunasa kwenye mabawa yenyewe, ikachukuliwa hadi ua jingine. Tulizoea kufundisha kwamba mdudu huchukua chavua kwa miguu, kwa kichwa au kwa mwili wenye manyoya. Hapa bawa la kipepeo nalo ni chombo cha kazi. Wanafunzi wa Mikumi wakikaa kimya karibu na ua hili asubuhi yenye jua, wanaweza kuchunguza wenyewe kama ndivyo ilivyo kwao.

Hesabu ya bustani

Baada ya kuijua tabia ya mimea hii, tufanye hesabu ya kiwanja cha shule.

Nafasi. Mkrismasi uliokomaa hufikia meta 10 hadi 15 kwenda juu, na kilele chake huweza kuwa kipana kuliko urefu wake. Mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, mingine mikubwa kama paja la mtu. Ukipandwa karibu na ukuta, sakafu au bomba la maji, hupasua. Matawi yake nayo hukatika kwa urahisi wakati wa upepo mkali. Kwa hiyo usipandwe chini ya meta 10 kutoka kwenye jengo lolote. Tunguu-tufe huhitaji nafasi ya sahani tu, na laweza kuishi hata katika debe lililotobolewa chini.

Kivuli. Hapa tunguu halina la kujibu. Kiwanja kisicho na mti ni adhabu kwa wanafunzi, na mkrismasi hutoa kivuli kipana na chepesi. Lakini tusisahau kwamba mti huu huangusha majani katika kiangazi. Kivuli chake hupungua katika baadhi ya miezi tunayokihitaji sana. Shule inayotaka kivuli cha mwaka mzima na ipande mwembe, ambao hauvui majani yake yote, kisha mkrismasi uwe pambo.

Maji. Mche wa mkrismasi huhitaji kumwagiliwa katika kiangazi cha mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo hujitegemea. Tunguu-tufe halihitaji maji wakati wa kiangazi hata kidogo. Zaidi ya hayo, maji ya wakati huo huliozesha. Ni mmea ufaao mahali ambapo kisima hukauka mwezi wa Septemba.

Udongo. Yote miwili hupenda udongo usiotuamisha maji. Jambo hili lina uzito katika mji wa Kilosa ulio kando ya mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulifurika, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu njia ya reli. Tunguu lililo chini ya matope kwa majuma kadhaa huoza. Nao mkrismasi, kwa kuwa mizizi yake mikubwa iko karibu na uso wa ardhi, si mti wa kutegemewa kuzuia kingo za mto. Katika viwanja vya chini, tuta la udongo lililoinuliwa ni la lazima kabla ya kupanda lolote.

Muda. Mkrismasi uliooteshwa kwa mbegu huanza kuchanua baada ya miaka minne au mitano katika hali nzuri, mara nyingi zaidi ya hapo. Tunguu-tufe lililooteshwa kwa mbegu nalo huchukua miaka mitatu hadi mitano. Ila tunguu lililokomaa, likipandwa mwezi wa Septemba, laweza kuchanua katika mvua za mwaka huohuo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza apandaye mbegu ya mkrismasi huenda akaondoka shuleni kabla ya kuliona ua lake. Yeye hupandia wadogo zake. Apandaye tunguu hujipandia mwenyewe. Shule nzuri hufundisha mambo yote mawili.

Maua yenyewe. Mkrismasi huchanua kwa majuma mengi. Tufe la tunguu hudumu wiki moja au mbili tu. Anayetaka rangi ya muda mrefu kutoka kwenye matunguu hana budi kupanda mengi pamoja.

Jambo lisilopaswa kufichwa: sumu

Uzuri wa tunguu-tufe una gharama yake. Kama ilivyo kwa mimea mingi ya jamii yake, tunguu hili lina alkaloidi kali, mojawapo ikiwa ni ile iitwayo laikorini. Katika baadhi ya sehemu za Afrika limetumika kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mtu akilila huweza kutokwa na mate mengi, kutapika na kuharisha, na hatari huzidi kwa mtoto mdogo. Mbuzi na ng'ombe nao wapo hatarini.

Hatari yenyewe iko katika sura. Tunguu lililong'olewa hufanana na kitunguu cha jikoni, na tunda lake dogo jekundu humvutia mtoto. Kwa hiyo tunatoa masharti manne. Lisipandwe katika shule ya awali au ya msingi, wala nyumbani penye watoto wadogo. Lisipandwe kamwe karibu na bustani ya mboga. Kila palipopandwa pawe na kibao chenye jina na neno SUMU. Na kila aligusaye tunguu au utomvu wake anawe mikono kwa sabuni. Mtu akilimeza, asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali upesi pamoja na kipande cha mmea, ili mganga ajue anapambana na nini.

Sumu, hata hivyo, si neno la mwisho katika sayansi. Katika jamii hiihii ya mimea ndimo ilimopatikana galantamini, dawa itumikayo leo kuwasaidia wagonjwa wa maradhi ya Alzheimer, yapotezayo kumbukumbu. Kilichogeuza sumu kuwa dawa ni maabara, vipimo na miaka ya utafiti, wala si kujaribu kwa kuonja.

Pa kupata miche, na pasipo pa kuchukua

Tunguu-tufe humea porini, na palipo na pori jirani kishawishi cha kwenda na jembe ni kikubwa. Hapa sheria iko wazi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilometa za mraba 3,230, inalindwa na Sheria ya Hifadhi za Taifa, nayo huwalinda tembo, twiga na nyati pamoja na mimea. Kung'oa mmea humo bila kibali ni kosa.

Iko pia sababu ya kisayansi. Tunguu lenye ua ni la miaka kadhaa. Aling'oaye huondoa akiba yote ya miaka hiyo, pamoja na mbegu ambazo zingetoka kwake. Kundi la matunguu likichimbwa kwa ajili ya bustani chache huweza kutoweka kabisa mahali pale, wala hakuna atakayegundua, kwa sababu kwa nusu ya mwaka hayaonekani. Basi matunguu yatoke kwa jirani mwenye bustani, au katika kitalu. Tunguu lililokomaa huzaa vitoto pembeni, na vitoto hivyo hutengwa wakati wa usingizi, kati ya Julai na Septemba. Hupandwa shingo ya tunguu ikiwa sawa na uso wa udongo, mahali penye kivuli chepesi. Baada ya ua kunyauka, majani yasikatwe mpaka yageuke manjano yenyewe. Aliyekata majani mabichi kwa kupenda usafi amefunga ghala la mwaka ujao.

Mbegu za mimea hii zina tabia za kupingana. Mbegu ya tunguu-tufe ni laini. Ikikauka hufa, hivyo humenywa na kupandwa mara tunda linapoiva. Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu lisilopitisha maji, nayo hukaa miaka bila kuota. Mwanafunzi na achukue mbegu 60 za mkrismasi na kuzigawa mafungu matatu. La kwanza aliache kama lilivyo; la pili akwaruze ganda la kila mbegu kwa tupa; la tatu alimwagie maji ya moto na kuliacha yakipoa kwa saa 24. Kisha azipande zote siku moja na kuhesabu zilizoota kila siku kwa majuma manne. Jedwali lake litamweleza maana ya usingizi wa mbegu kuliko kurasa kumi za kitabu.

Uamuzi

Shule yenye kiwanja kipana, na ipande mkrismasi mmoja au miwili penye nafasi, meta 10 na zaidi kutoka kwenye majengo, na matunguu pembezoni mwa kivuli chake, mbali na mizizi mikubwa. Sekondari yenye kiwanja finyu na maji haba, ianze na matunguu katika madebe, chini ya masharti tuliyoyataja. Palipo na watoto wadogo, tunguu lisiingie. Hapo mti ndio mshindi bila mashindano.

Kazi moja imebaki, nayo haihitaji fedha. Kila shule iwe na daftari la maua. Mwanafunzi mmoja wa zamu aandike tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya ua la kwanza la mkrismasi, tarehe tufe la kwanza lilipofunguka, na tarehe majani yalipokauka. Daftari la mwaka mmoja halina thamani kubwa. Daftari la miaka 20, lililoandikwa kwa uaminifu Kilosa na jingine Mikumi, litaonyesha kama mvua zinachelewa, na kama mti na tunguu bado vinaipokea mvua kwa pamoja, au kimoja kimekwisha kumwacha mwenzake nyuma. Maswali ya namna hiyo ndiyo wanayouliza wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi duniani kote, nao huhitaji kumbukumbu ndefu za mahali pamoja. Mahitaji ya kuanza ni kalamu, daftari, na mtu wa kupokea zamu mwenzake anapomaliza shule.